Usanifu wa kompyuta ngazi ya uzamili: wanasoma nini, wapi, na nani analipa

Tangu nilipoandika kuhusu kununua kompyuta za mtumba, kuna swali limekuwa likirudi kwenye maoni kila wiki: "Hivi kuna watu wanasomea kubuni hiyo prosesa yenyewe? Wanasoma nini? Na mtoto wa mkulima anafikaje huko?" Leo nalijibu lote kwa mpigo, ili mtu mwingine akiuliza nimtumie linki hii tu.

Kwa wageni: mimi nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM, chuo kikuu bado sijaingia. Kwa hiyo siandiki kama profesa. Ninachofanya ni kupakua mihadhara ya vyuo vya nje nikiwa kafe, naisikiliza usiku kwenye simu, na makala zao nazisoma polepole daftari likiwa pembeni. Humu nimeweka yale niliyohakiki tu.

Jambo moja lishike mapema, maana lingine lote linatoka hapo. Watu wengi wanadhani hii ni kozi ya kukariri majina ya vipande vilivyomo ndani ya kompyuta. Siyo. Ngazi ya uzamili ni elimu ya KUPIMA. Ukisema "wazo langu litaifanya kompyuta iwe na kasi", jibu lao ni moja tu: onyesha namba. Na kupima, wadau, kunaanza na kalamu na karatasi.

USANIFU WA KOMPYUTA NI NINI HASA

Fikiria ghorofa. Kuna fundi anayejenga ukuta, na kuna msanifu anayeamua ngazi zikae wapi, maji yapite wapi, watu wangapi watoke kwa wakati mmoja moto ukiwaka. Msanifu wa kompyuta anafanya hiyo kazi ya pili ndani ya chipu. Ana nafasi ndogo, umeme wenye kikomo, na bajeti ya transista. Kila anachoongeza hapa anakilipia kule.

Asimchanganye mtu na fundi wa kompyuta wa mtaani. Yule anabadilisha kipande kilichokufa, na ni kazi ya heshima. Wala si mwandishi wa programu, ingawa lazima ajue kuandika programu. Huyu anakaa katikati: chini yake kuna umeme na transista, juu yake kuna programu, na kazi yake ni kuzikutanisha.

Makutano hayo yana mkataba wake, yaani orodha ya amri ambazo prosesa inazielewa: jumlisha, chukua namba kutoka kwenye RAM, ruka uende amri fulani. Kompyuta nyingi za mezani hapa kafe zinatumia mkataba wa x86, simu yako mfukoni karibu hakika inatumia wa Arm. Ndiyo maana programu iliyotengenezewa mmoja haiendi moja kwa moja kwenye mwingine.

DIGRII YA KWANZA NA UZAMILI ZINATOFAUTIANAJE

Digrii ya kwanza unafundishwa prosesa inafanyaje kazi. Kuna jibu sahihi, unalitoa, unapewa alama.

Uzamili unapewa makala za utafiti, nyingine za zamani kuliko wazazi wetu, nyingine za mwaka jana. Kila moja unaiandikia tathmini fupi: tatizo lilikuwa nini, wazo jipya ni lipi, walipimaje, na udhaifu uko wapi. Hilo la mwisho ndilo linalowatoa jasho wengi. Sisi tumezoea kwamba kilichochapishwa ni cha kweli na kazi yetu ni kunakili. Kule unatakiwa umwambie mtu mwenye jina kubwa kwamba kipimo chake hakitoshi, na useme kwa nini.

Juu ya hapo kuna mradi. Unachukua programu inayoigiza prosesa, unabadilisha kitu kimoja ndani yake, unaendesha programu za majaribio, unalinganisha. Programu ya kuigiza maarufu inaitwa gem5. Ilitoka mwaka 2011 kwa kuunganisha kazi za vyuo viwili vya Marekani, Michigan na Wisconsin, na ni ya bure. Ila ni nzito kweli kweli. Kazi ambayo prosesa halisi inaimaliza kwa sekunde chache, kuiigiza kwa kina kunaweza kuchukua masaa au hata siku.

Kitabu kinachotajwa kila kona ni "Computer Architecture: A Quantitative Approach" cha John Hennessy na David Patterson, toleo la kwanza mwaka 1990. Ona hilo neno "Quantitative", yaani kwa namba. Ndiyo mada yetu ileile. Wazee hawa wawili walipewa tuzo ya Turing ya mwaka 2017, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote kwenye sayansi ya kompyuta, dola milioni 1.

MAMBO MANNE UTAKAYOKUTANA NAYO

1. Hesabu ya muda

Muda wa programu unapatikana kwa kuzidisha vitu vitatu: idadi ya amri, mizunguko inayotumika kwa kila amri, na urefu wa mzunguko mmoja. Basi.

Chukua prosesa A ya gigahezi 2, yaani mizunguko bilioni 2 kwa sekunde, inayomaliza amri moja kila mzunguko. Prosesa B ni ya gigahezi 3, lakini kila amri inakula mizunguko 2. Programu ina amri bilioni 6. A inamaliza kwa sekunde 3. B inamaliza kwa sekunde 4. Ile yenye namba kubwa kwenye stika imeshindwa! Muuzaji akikutajia gigahezi peke yake, amekupa theluthi moja ya habari.

2. Paiplaini na kubahatisha

Chapati moja ina hatua tatu: kukata donge, kusukuma, kukaanga. Tuseme kila hatua dakika 2. Mtu mmoja akizipika 10, moja moja mpaka mwisho, atatumia dakika 60. Waweke watu watatu, kila mmoja na hatua yake: ya kwanza inatoka dakika ya 6, halafu moja kila dakika 2, zote zinaisha dakika ya 24. Hakuna chapati iliyopikwa kwa haraka zaidi. Kilichobadilika ni kwamba hakuna mtu aliyekaa bure. Prosesa nazo zinafanya hivyo kwa amri, ndiyo paiplaini.

Tatizo linakuja kwenye amri za "ikiwa". Ikiwa salio linatosha fanya hiki, kama halitoshi fanya kile. Prosesa haijajua jibu, na mstari hauwezi kusimama. Kwa hiyo inabahatisha kutokana na yaliyotokea huko nyuma, kama mama wa chai anayekuona unavuka barabara akaanza kumimina ya rangi bila kuuliza. Akipatia, muda umeokolewa. Akikosea, anamwaga na kuanza upya. Prosesa za kisasa zinapatia zaidi ya asilimia 95 kwa programu nyingi.

Mstari ukiwa mrefu, kukosea kunauma zaidi. Pentium 4 ya mwaka 2004, ile iliyoitwa Prescott, ilikuwa na paiplaini ya hatua 31 ili ifikie gigahezi kubwa. Ikafika 3.8 mwishoni mwa mwaka huo, lakini ilikuwa inawaka moto na kula umeme, na Oktoba 2004 Intel ikatangaza kuachana na mpango wa kuifikisha gigahezi 4. Sababu kubwa ilikuwa joto. Kwa miaka mingi kila transista ilipopungua ukubwa, umeme wake nao ulipungua kwa kiasi kilekile. Katikati ya miaka ya 2000 hiyo raha ikaisha. Tangu hapo kasi haiji yenyewe, lazima mtu aibuni. Kwa hiyo anayekwambia fani hii imeshakwisha, muulize alisoma lini.

3. Kashe

Hapa ndipo penye utamu wote kwangu. Chumvi ukiwa nayo jikoni unanyoosha mkono. Ikiisha unatoka kwa Mangi. Kwa Mangi nako ikikosekana, ni daladala mpaka Kariakoo. Kashe ni chumvi ya jikoni: kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa. RAM ni Kariakoo.

Tumia makadirio ya kawaida. Kashe ya karibu inajibu ndani ya mizunguko 4 hivi. Kwenda RAM tuseme mizunguko 200. Ukikuta unachotaka kwenye kashe mara 95 kati ya 100, wastani wako ni 4 jumlisha 0.05 mara 200, yaani 14. Ukipandisha mpaka mara 99, wastani ni 4 jumlisha 2, yaani 6. Ongezeko la alama 4 tu, na kufikia data kumekuwa haraka zaidi ya mara mbili.

Ndiyo maana watu wanaandika uzamivu mzima juu ya swali linaloonekana dogo: kashe ikijaa, nitoe kipi? Mwaka 1995 Wulf na McKee waliandika makala fupi wakionya kwamba prosesa zinaongeza kasi upesi kuliko RAM, na siku moja zitakuwa zinakaa tu kusubiri data. Wakaliita tatizo hilo ukuta wa kumbukumbu. Mpaka leo ukuta huo unawatesa hata wanaotengeneza chipu za akili bandia.

4. Viini vingi

Baada ya gigahezi kugoma, kampuni zikaanza kuweka viini viwili, vinne, nane ndani ya chipu moja. Ndiyo ile stika ya "Dual Core". Je, viini 8 ni kasi mara 8?

Gene Amdahl alishatoa jibu mwaka 1967. Programu inachukua sekunde 100. Sekunde 80 zinaweza kugawanywa, 20 haziwezi. Viini 4: 80 gawa kwa 4 ni 20, jumlisha zile 20, unapata 40. Kasi imepanda mara 2.5. Viini 16: 5 jumlisha 20 ni 25, kasi mara 4. Weka hata viini milioni, zile sekunde 20 ziko palepale, kwa hiyo mara 5 huwezi kuivuka. Ni kama kafe yenye kompyuta 30 na printa moja. Ongeza kompyuta unavyotaka, foleni ya printa haikusikii.

Halafu kuna ugomvi wa viini vyenyewe. Kila kimoja kina kashe yake, na kimoja kikibadilisha namba, vingine vimebaki na nakala ya zamani. Nani ana ukweli? Somo hilo linachukua wiki kadhaa darasani, na kila anayelisimulia anasema ndipo kichwa kilipomuuma.

WANAFUNZI WALIOTIKISA DUNIA

Msije mkadhani ni nadharia tupu. Nawapa mifano mitatu na mkasa mmoja, wanafunzi wa ngazi hiyo wakiwa katikati.

Kwanza, Berkeley, California. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Patterson na wanafunzi wake wa uzamili walibuni prosesa wakaiita RISC I. Wazo: punguza amri, ziwe nyepesi, ziende haraka. Mwaka 1982 chipu ikawa tayari, ikiwa na transista kama 44,000. Mwaka huohuo Intel ilitoa 80286 yenye 134,000. Wakubwa wa viwandani walibisha sana, lakini wanafunzi walikuwa na vipimo mkononi. Hennessy alikuwa akifanya jambo kama hilo kule Stanford na mradi wa MIPS.

Pili, hapohapo Berkeley, Mei 2010. Profesa Krste Asanović na wanafunzi wake wawili wa uzamivu, Andrew Waterman na Yunsup Lee, walihitaji mkataba wa amri kwa ajili ya utafiti wao. Ya makampuni ilikuwa na leseni na mambo mengi. Wakasema tutatunga wetu, kazi ya miezi mitatu ya kiangazi. Ikawa miaka minne. Patterson naye akaingia, na ndiyo RISC-V. Leo yeyote anaruhusiwa kubuni prosesa kwa mkataba huo bila kulipia leseni, na shirika linaousimamia lina makao yake Uswisi tangu mwaka 2020. Tahadhari kidogo: kilicho bure ni mkataba. Kuutoa kiwandani kama chipu ni hela ndefu.

Tatu, chuo cha Carnegie Mellon, mwaka 2014. Mwanafunzi wa uzamivu Yoongu Kim na wenzake waligundua kwamba ukifungua mstari mmoja wa RAM kwa kurudiarudia haraka, mistari ya jirani inaweza kubadilika bila kuguswa. Ni kama jirani anayegonga ukuta mpaka kikombe kinaanguka kwenye kabati lako. Walipima moduli 129 za RAM, 110 zikaonyesha kasoro hiyo. Inaitwa RowHammer, na ikawa tatizo la usalama kwa dunia nzima.

Mkasa sasa. Januari 2018 zikatangazwa Spectre na Meltdown. Mnamkumbuka mama wa chai? Akibahatisha vibaya anamwaga chai, lakini kikombe kinabaki na joto. Prosesa nayo ikikosea inafuta matokeo, ila alama zinabaki kwenye kashe, na mtu mjanja akipima muda anaweza kujua siri iliyopita pale. Mbinu ambazo dunia nzima ilikuwa inazisifia kwa kasi zikawa mlango wa mwizi. Wataalamu walipima kasi kwa miaka mingi, hiki wachache sana walikipima.

WAPI, NA NANI ANALIPA

Sasa tuje kwenye mfuko.

Marekani: Berkeley, Stanford, Carnegie Mellon, Illinois, Wisconsin, Michigan, Texas Austin, zote zina majina makubwa kwenye fani hii. Kitu ambacho wengi wetu hatukijui ni kwamba kule unaweza kuomba uzamivu moja kwa moja ukiwa na digrii ya kwanza, bila kupitia uzamili. Na kwa fani hii, anayekubaliwa uzamivu kwa kawaida halipi ada. Anapewa posho ya kujikimu, na kwa upande wake anasaidia kufundisha au kufanya utafiti wa profesa. Posho si ya kitajiri na safari ni ya miaka mitano, sita. Uzamili ndio mara nyingi unajilipia mwenyewe, makumi ya maelfu ya dola. Yaani kile kikubwa kinaweza kukugharimu kidogo kuliko kile kidogo.

Ulaya: utaratibu wa kawaida ni uzamili kwanza, halafu uzamivu. ETH Zürich ya Uswisi ndipo anapofundisha Onur Mutlu, aliyekuwa Carnegie Mellon wakati wa ile RowHammer. Mwanafunzi wa uzamivu kule anaajiriwa na kulipwa mshahara. Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada kubwa, lakini viza inataka uonyeshe una hela ya kuishi. Kuanzia Septemba 2024 kiwango cha akaunti hiyo maalumu kilikuwa euro 11,904 kwa mwaka. Wengi wanakwama hapo, si kwenye ada. Ufadhili wa kufuatilia ni wa DAAD kwa Ujerumani na Commonwealth kwa Uingereza.

Karibu na nyumbani: Carnegie Mellon ina kampasi Kigali, Rwanda, tangu mwaka 2011, na inatoa uzamili wa uhandisi wa umeme na kompyuta. Tazama orodha ya masomo ya mwaka husika uone ya prosesa yapo kiasi gani, na uulize ufadhili. Kwa digrii ya kwanza, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia kampasi yake ya Kijitonyama kina uhandisi wa kompyuta, na wenzetu wa Nairobi na Makerere nao wana kozi za jirani na hizi.

Ajira nazo tusidanganyane. Kazi ya kubuni prosesa iko zaidi Marekani, Ulaya na Asia. Ukanda wetu kuna dalili ndogo: Nyeri, Kenya, kuna kampuni ya Semiconductor Technologies Limited kwenye eneo la Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi. Lakini aliyezoea kupima mashine zinavyokwenda anahitajika pia kwenye benki, kwenye mitandao ya simu na kwenye usalama wa kompyuta.

KABLA HUJAMPA MTU HELA

Mwaka jana jamaa wa ofisi moja ya wakala aliniita "mdogo wangu", akanikalisha kwenye kiti, akasema nikimpa laki tatu atanitafutia "admisheni ya masta" Marekani. Nikamwambia sina hata digrii ya kwanza. Akasema hiyo si shida. Nikanyanyuka nikaondoka.

Kwa hiyo andikeni hizi kwenye daftari:

- Kwa kawaida uzamili unataka digrii ya kwanza, na uzamivu vilevile. Wakala anayesema hiyo si shida, mtilie shaka.
- Maombi yanajazwa na wewe mwenyewe kwenye tovuti ya chuo. Vyuo vingi vya Marekani vinafunga maombi ya uzamivu mwezi Desemba kwa masomo ya Agosti au Septemba mwaka unaofuata.
- Ada ya maombi ipo, ila vyuo vingi vina fomu ya kuomba usamehewe. Omba mapema.
- Barua za wanaokufahamu, mara nyingi tatu, zina uzito mkubwa. Mwalimu aliyekuona ukifanya mradi ana thamani kuliko mkubwa asiyekujua.
- Masharti ya viza yanabadilika. Soma tovuti ya ubalozi mwaka unaoomba, si ushauri wa miaka mitatu nyuma.

UANZE VIPI UKIWA KAFE

Kwa aliyeko kidato cha tatu au cha nne: usiikimbie hesabu wala fizikia. Kuna washikaji zangu waliambiwa kwamba "kompyuta haihitaji hesabu", wakachukua mchepuo mwingine, na leo kozi za uhandisi zinawakataa. Hili ndilo limenifanya niandike haya yote, kwa sababu ukichagua ukiwa na miaka 17 unakuja kulilipia ukiwa na 22.

Kwa wote, vifaa vya bure ni hivi:

- Nand2Tetris, ya Noam Nisan na Shimon Schocken. Unaanza na saketi moja ndogo unaishia na kompyuta kamili, ndani ya kivinjari. Anza hapa.
- Ripes na Venus. Programu mbili za kuonyesha amri za RISC-V zikitembea. Ripes inakuchorea paiplaini na kashe kwa macho. Zote zinafunguka kwenye kivinjari, kwa hiyo hata kompyuta ya kafe isiyoruhusu kusakinisha inatosha.
- Mihadhara ya Onur Mutlu, YouTube. Ni mirefu, mingine inazidi saa moja na nusu. Pakua kwa ubora mdogo, sauti na slaidi vinatosha.
- MIT OpenCourseWare, kozi ya 6.004, kwa anayetaka msingi wenye mazoezi na majibu.
- Makala za utafiti. Jumuiya ya ACM ilifungua makala zake za mwaka 1951 mpaka 2000 bure tangu 2022. Za karibuni tafuta kwenye ukurasa wa mwandishi mwenyewe, wengi wanaziweka. Majina ya mikutano ya kutafuta: ISCA, iliyoanza mwaka 1973, na MICRO, HPCA na ASPLOS.

Gem5 iacheni kwanza. Inataka Linux na mashine yenye RAM ya kutosha, kwenye kafe utamaliza hela bila kuona kitu.

Lugha ni kikwazo, sikatai. Mimi makala ya kwanza ya kurasa 12 ilinichukua wiki tatu. Siku hizi naanza na muhtasari, naruka kwenye michoro ya vipimo, najiuliza mstari huu unapanda kwa nini, ndipo narudi kwenye maelezo. Ukishajua wanapima nini, Kiingereza chenyewe kinalegea.

ZOEZI

Haya, kalamu mkononi. Programu inachukua sekunde 60. Sekunde 45 zinagawanyika kwa viini, 15 hazigawanyiki. Unahitaji viini vingapi angalau ili iishe ndani ya sekunde 20? Na je, kuna idadi yoyote ya viini itakayoifikisha sekunde 12? Weka jibu na njia hapo chini kwenye maoni, jibu bila njia sihesabu. Kama kuna mdau aliyesoma uhandisi wa kompyuta, iwe Kijitonyama, Kigali au ughaibuni, na kuna mahali ameona nimepungukiwa, atuambie, na atuwekee na namba.

Tupo pamoja.